Niliambiwa niongeze sauti ya redio

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa, leo naitoa. Duka sitalitaja, gereji sitaitaja, ila wa Nyakato, hapa Mwanza, mtajijua.

Ka-IST kangu, kale ka-Toyota kadogo, kalianza kulia mbele, ule mlio mwembamba wa mwiii kila ninapokanyaga breki. Huo hata wewe unaujua: kile kiulimi cha chuma kwenye pedi kinagusa diski, maana yake pedi zimekwisha. Nikaenda dukani, muuzaji akanitandikia za bei tatu mezani, nikachukua za katikati. Si orijino, na wala hakunificha. Akamwita kijana wa gereji ya nyuma, akafunga chini ya nusu saa. Mlio ukaisha. Nikaondoka nimefurahi kama mtu aliyelipwa deni lake alilokwisha kulisahau.

Furaha ilikoma pale ninapoacha lami kuingia kwetu Buswelu. Kwa-kwa-kwa-kwa. Upande wa kushoto, chini, kama mtu anatikisa vijiko kwenye sufuria. Kwenye lami kimya. Kwenye mawe, na kwetu mawe ndiyo barabara yenyewe, vijiko.

Nikarudi. Yule kijana hata hakuinama. Alinisikiliza huku anachezea simu, akasema, "Dada, pedi mpya hizo, zinajizoesha." Haya. Wiki mbili nzima, hazikuzoea. Nikarudi tena. Safari hii akabonyeza boneti mara mbili kwa kiganja, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya: shokapu zimekufa. Nikanunua shokapu mbili za mbele, 170,000, ufundi mbali. Kwa-kwa-kwa. Akasema stabilaiza linki, kile kichuma kinachounganisha stabilaiza na shokapu. Nikanunua linki. Kwa-kwa-kwa. Mara ya nne nilifika nimefura, nikamwambia panda twende usikie kwa masikio yako. Tukaenda. Akasikia, nilimwona usoni kwamba amesikia. Tuliporudi, mbele ya wateja wawili, akaniambia: "Dada, gari lenyewe la zamani hili. Ongeza sauti ya redio."

Wenzake wakacheka. Jibu zuri lilinijia nimeshafika Mabatini.

Aliyeugundua ubovu ni mzee mmoja anayebeba dagaa kwa Noah pale Mwaloni, Kirumba, wala si fundi. Noah yake ilikuwa imelala siku hiyo, akaomba nimsogeze kidogo, tukapita njia ya mashimo. Hakuchukua dakika mbili. "Ng'wanawane, gusa breki kidogo tu, usisimame, upite hivyo hivyo kwenye mashimo." Nikagusa. Vijiko kimya. Nikaachia, vijiko. Nikagusa, kimya. Nilirudia kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Kisha akaniambia rudi rivasi ukanyage breki, halafu nenda mbele ukanyage tena. Kila nikibadilisha mwelekeo, tko, mara moja tu.

"Basi hiyo si shokapu. Ni pedi inacheza ndani ya nyumba yake."

Na ukifikiri, ni kweli tupu. Linki au shokapu mbovu ingeendelea kugonga hata mguu ukiwa umegusa breki. Pedi ukiikanyaga inabanwa kwenye diski, haina tena pa kuchezea.

Tukavua tairi palepale kando ya barabara, kwa jeki yangu. Kushoto: ncha za pedi zimekaa chuma juu ya chuma. Nikaitikisa pedi kwa kidole, ikanijibu ta-ta-ta, kelele yangu yote ya wiki zote hizo iko chini ya kidole kimoja. Tukavua na kulia tulinganishe, huko vile vibati vyembamba vya springi vipo vyote vinne, vimeishika pedi kimya. Vya kushoto kijana alivitupa. Sijui vilimsumbua kufunga, sijui aliona takataka. Nilivipata vilivyotumika kwa 8,000.

Sasa nilianza kuandika nikitaka kuwaambia msinunue pedi za bei ya katikati. Siwezi. Zikiwa na vibati vyake zinashika vizuri mno. Juzi nimeteremka mlima wa Bugando na mvua, watu wanne ndani, gari limetulia. Asubuhi zinakwaruza breki mbili za kwanza, lakini hiyo ni kutu ya usiku kwenye diski, hewa yetu ya ziwani ndivyo ilivyo, hata zile za mwanzo zilifanya hivyo. Kwa hiyo pedi nazipa nne kwa tano. Muuzaji naye sina ugomvi naye.

Hapana, ninao. Yeye ndiye aliyemwita yule kijana. Shokapu nilinunua kwake, linki kwake, na kila nikirudi ananikaribisha kwa tabasamu. Anauza spea miaka yote hiyo hajawahi kuuliza, "Vibati umevirudisha?" Nyota moja, na hiyo moja ni ya pedi.

Jana nimempigia kijana simu. Sikumtukana. Nilimwuliza tu shokapu zangu za zamani ziko wapi, maana kumbe zilikuwa nzima.

"Zile? Nilishamfungia mteja mwingine, dada. Hazina kelele kabisa."