Miezi tisa na ignisheni ya kielektroniki kwenye Beetle ya baba

Nimetembea na ignisheni ya kielektroniki, mfumo wa kutoa cheche inayowasha mafuta kwenye injini, miezi tisa sasa, kwenye Volkswagen Beetle ya mwaka 1969, injini ya 1300, na sina nia ya kuitoa. Naipa nyota nne kati ya tano. Lakini shida iliyonipeleka dukani kuinunua haikuitibu hata kidogo, kwa sababu haikuwa shida ya moto wa cheche, ilikuwa ya mafuta. Hilo nililijua baada ya shilingi 11,500 kutoka mfukoni, na ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Gari ni la marehemu baba. Alikuwa mtoto wa shule Volkswagen iliposhinda Safari Rally mwaka 1962, Tommy Fjastad akiwa kwenye usukani, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya gari la aina nyingine. Alipofariki, Beetle yake ilikaa Uthiru chini ya turubai miaka sita. Nilipoifufua, asubuhi ilikuwa inawaka mara moja na kuteremka Waiyaki Way hadi Westlands bila neno. Jioni mambo yaligeuka. Ikianza kupanda kuelekea Kangemi, inasita, inakohoa mara mbili tatu, inazima. Nasubiri kando ya barabara dakika kumi, matatu zikinipigia honi, nawasha tena, inaunguruma kana kwamba haijawahi kuugua.

Kila niliyemweleza alinijibu haraka: koili hiyo. Ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Jibu hilo si la kubuni, koili, inayozalisha umeme mkali wa cheche, na kondensa, kijikopo cha umeme kinachofanya kazi nayo, hufanya hivyo kweli. Nikabadilisha koili. Ikazima palepale Kangemi. Nikabadilisha kondensa. Ikazima. Nikaenda Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na muuzaji mmoja akaniambia pointi ni mambo ya zamani, nifunge ya kielektroniki na sitasimama njiani tena. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Kwa asiyefahamu: pointi ni vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distributa (kifaa kinachogawia silinda moto), vinavyofunguka na kufungika kila silinda inapotaka moto. Vikifunguka, umeme unaopita kwenye koili unakatika ghafla, na hapo koili inatoa maelfu ya volti yanayokwenda kurukia kwenye plagi. Kisigino cha pointi kinachosuguana na mhimili huisha polepole, mwanya wa milimita 0.4 kati yake unapungua, na taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, inachelewa bila dereva kujua. Baba alikuwa akizirekebisha mwenyewe Jumapili alasiri, fila geji ya kupimia mwanya mkononi, redio ikiwa juu ya boneti.

Kifaa cha kielektroniki kinaondoa kusuguana huko. Ndani ya kisanduku unachonunua kuna moduli ndogo inayokaa mahali pa pointi, na pete yenye sumaku nne inayovishwa kwenye mhimili chini ya rota, kile kipande kinachozunguka na kupeleka moto kwa kila plagi. Sumaku ikipita, moduli inakata umeme wa koili. Kondensa haihitajiki tena. Waya ni mbili, nyekundu inakwenda upande wa chanya wa koili na nyeusi upande wa hasi, na ukizigeuza moduli inaungua papo hapo. Kuifunga kulinichukua chini ya saa moja, distributa yangu ikiwa Bosch 009 isiyo na vakyumu (mvuto wa hewa wa kurekebisha taimingi). Kabla hujanunua, pima koili yako kwa mita ya umeme. Yangu ilisoma ukinzani wa zaidi kidogo ya omu 3, ambao moduli hii inautaka. Koili yenye omu chache mno inavuta umeme mwingi na kuipasha moduli joto hadi ife. Nyaya za plagi nazo ziwe zile zenye ukinzani, kwa sababu za shaba tupu zinatoa kelele ya umeme inayoweza kuichanganya moduli.

Taimingi ndiyo iliyonisumbua. Baba alitumia balbu ndogo injini ikiwa imezimwa, akiangalia inawaka pointi zikifunguka. Na moduli njia hiyo haifai, inabidi uazime taa ya taimingi inayomulika injini ikiwa inazunguka. Niliweka cheche itoke digrii 30 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikiwa juu ya mizunguko 3,000 kwa dakika.

Tofauti niliisikia siku hiyohiyo. Asubuhi za baridi za Julai inawaka kwa nusu mzunguko wa stata, sailensa (mngurumo gari likiwa limesimama) imetulia, na tangu wakati huo sijagusa distributa isipokuwa kukagua rota na kifuniko. Nilifurahi mno. Siku ya tatu ikazima Kangemi.

Hapo ndipo nilipompata mzee mmoja Industrial Area, fundi aliyetengeneza Volkswagen tangu enzi ambazo zilikuwa kila mtaa. Sitamtaja jina kwa kuwa hakuniruhusu. Hakugusa spana. Aliuliza swali moja tu.

"Ikizima, moto unakuwepo?"

"Sijui, Mzee. Nimebadilisha koili, kondensa na pointi."

"Binti, sijakuuliza umebadilisha nini."

Akasema twende nayo mpaka izime. Tukapanda Waiyaki Way, na kabla ya kufika Kangemi ikazima. Nilipotaka kuwasha tena akanishika mkono. Nisiguse, alisema, dalili iko hapa sasa hivi na tukisubiri itatoroka. Akafungua nyuma, ambako injini ya Beetle hukaa, akatoa filta ya hewa, akamulika kwa tochi koo la kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huku akivuta wenzo wa mafuta kwa kidole. Kabureta yenye mafuta hurusha mchirizi mwembamba wa petroli kila ukivuta hivyo. Yetu haikurusha hata tone. Akairudisha filta, akachomoa waya wa katikati kwenye distributa, akauchomekea plagi ya akiba aliyoilaza kwenye chuma cha injini mbali na kabureta, akaniambia nizungushe stata. Cheche ya bluu, nene.

"Moto uko. Mafuta hayapo."

Dakika tatu, vipimo viwili. Nilihisi uchungu kweli, kwa sababu tayari nilikuwa nimelipa koili, kondensa na moduli bila mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza, kuangalia kwanza kama moto upo.

Kisha akachomoa paipu inayoingia kwenye pampu na kuielekeza kwenye chupa. Kwenye Beetle tangi liko mbele na kwa kawaida mafuta hushuka yenyewe hadi kwenye pampu. Yalidondoka tone kwa tone. Tulipokaa kidogo yakaanza kuwa mchirizi. Akapuliza kwa pampu ya baiskeli kurudi nyuma, tukasikia mapovu tangini, na mafuta yakaja kwa nguvu.

Tulipolishusha tangi tuliona kutu ya miaka sita: magamba na tope la rangi ya kahawa iliyochujwa vibaya, vyote vimerundikana kwenye kichujio cha mdomo wa tangi. Injini ikivuta mafuta mengi mlimani, uchafu unanyonywa na kuziba mdomo. Ikizima, mvuto unaisha, uchafu unaachia, bakuli la kabureta linajaa tena taratibu, na baada ya dakika kumi gari linawaka. Dalili ni zilezile za koili inayokufa kwa joto! Kuteremka asubuhi hakukuwa na tatizo kwa sababu injini ilihitaji mafuta kidogo.

Tangi tulilitikisa na mnyororo mdogo pamoja na siki, tukalisuuza, tukalikausha juani. Filta mpya iko mbele chini ya tangi. Watu wengi huifunga nyuma juu ya injini, na nawaomba sana waiondoe huko. Paipu za mafuta za Beetle zinapita karibu na distributa, na bomba dogo la shaba linaloingiza mafuta kwenye kabureta hulegea na kuchomoka. Petroli ikimwagika hapo injini ikiwa moto, gari linaungua lote. Paipu zangu za mpira zilizofumwa kwa kitambaa zilionekana nzima, lakini nilipozikunja zilipasuka kama kuni kavu. Ukienda kununua, sema wazi unataka ya petroli, maana ya maji inafanana nayo kwa macho tu. Muuzaji wangu alinishauri pia nifunge pampu ya umeme. Nilikataa. Sindano inayozuia mafuta kwenye kabureta ya zamani haikutengenezwa kwa msukumo mkubwa, injini inaweza kufurika, na pampu iliyofungwa ovyo huendelea kusukuma mafuta hata baada ya ajali.

Jambo jingine ambalo moduli haikulitibu ni masizi meusi kwenye plagi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopangiwa nchi ya chini inatoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Nilipunguza jeti kuu, tundu linalopitisha mafuta, hatua moja, plagi zikageuka rangi ya udongo mkavu.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mbili. Kwanza, karatasi ya maelekezo haikusema kwa herufi kubwa kwamba ufunguo usiachwe umewashwa injini ikiwa imesimama. Nilisikiliza redio hivyo dakika kumi na tano, na nilipogusa koili ilikuwa inachoma kidole. Namna hiyo ndiyo moduli nyingi hufa. Pili, ikifa haitengenezeki. Pointi zilizochakaa unaweza kuzisugua kwa msasa ukiwa popote kati ya hapa na Naivasha, ukafika nyumbani. Moduli iliyoungua inangoja lori la kuvuta.

Kwa hiyo pointi za baba, kondensa mpya, fila geji na bisibisi fupi viko kwenye mkebe wa Kimbo ndani ya buti ya mbele, pembeni ya tangi. Nimejaribu kuzifunga tena nikiwa nyumbani, nikijipima kwa saa, ikachukua dakika ishirini na tano.