Wikendi Idjwi kutoka Bukavu: maji safi, boti ya mashaka

Kuna wadogo zangu wa Buyenzi, pale Bujumbura, ambao kila wakisikia nilisoma Bukavu, kule Kongo, swali ni lile lile: Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, kunafaa kwenda kupumzika na wenzako? Wacha nijibu kwa mapana mara moja. Tulikwenda mwaka 2023, kiangazi, kundi la wanafunzi wageni: sisi Warundi, Watanzania wa Kigoma, na jamaa mmoja wa Goma aliyejihesabu mgeni kwa sababu si mtu wa Kivu Kusini. Mwenye boti na mwenye nyumba tuliyolala siwataji majina. Wanaofanya biashara hiyo ni wengi, na tabia zao hazipishani sana.

Kwanza ujue kwa nini watu wanajisumbua kupanda boti wakati Bukavu yenyewe iko ziwani. Mji umekaa juu ya vilima vinavyoteremka majini kwa ukali, na ukienda mitaa kama La Botte, Nguba au Muhumba, sehemu kubwa ya ufuko imo ndani ya kuta za nyumba za watu na hoteli. Mwanafunzi anayetaka kuogelea bila kuagiza sahani ya samaki ya bei ya hoteli hana pa kutia mguu. Idjwi, kisiwa kikubwa katikati ya Kivu, ndiyo nafuu yenu.

Tuliuziwa "paketi": boti kwenda na kurudi, kulala usiku mmoja, chakula cha jioni na chai ya asubuhi, dola 40 kwa kichwa. Tukapatana hadi 30. Dola zenyewe zikaguliwe nyumbani kabla hujafika bandarini. Noti yenye mpasuko hata wa upana wa ukucha Bukavu hakuna atakayeipokea, na ukishaambiwa "hii haipiti" hakuna maombi yatakayoipitisha. Bebeni na franka za Kongo za kununulia vitu vidogo. Mgeni abebe pia karatasi zake zote za kusafiria pamoja na kadi ya mwanafunzi. Sisi Warundi karatasi ya kusafiria ya CEPGL, ile jumuiya ya Burundi, Rwanda na Kongo, ilitufaa sana, lakini ilisomwa kwanza, ikageuzwa, ikasomwa tena.

Boti ndiyo iliyonikera. Ilikuwa ya mbao, na mota imefungwa nyuma, watu na mizigo vimechanganywa. Gile za kuokolea maisha zilikuwepo, sikatai. Zilikuwa chini ya turubai, zimefungwa furushi moja kwa kamba, magunia ya unga yamekaa juu yake. Nahodha akasema zitafunguliwa ikihitajika. Ziwa ambalo kina chake kinafika mita 485, uanze kufumua mafundo wakati maji yako shingoni! Dada mmoja wa Kigoma ndiye aliyegoma. Alisimama juu ya ubao wa kupandia, hasongi mbele wala harudi nyuma, foleni nzima ikakwama, mama mmoja mwenye kuku akaanza kumtetea, na mwisho mtu akatoa kisu kamba ikakatwa. Gile niliyopewa mimi ilikuwa haina kifungo cha katikati. Sifongo ya ndani ilikuwa imekauka, kila nikiibonyeza inamwaga unga wa njano mapajani. Nikajifunga nayo kwa kitenge cha kuazima na safari ikaanza hivyo.

Wakati ule tulicheka. Leo sicheki. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi, iliyojaza kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku kule Goma, na makumi ya watu wakafa huku watu wakiona kutoka nchi kavu. Kwa hiyo hapa sina lugha ya adabu: kama gile haziko mikononi mwa abiria kabla mota haijawashwa, shuka, udai pesa yako.

Sasa maji. Hapa nitasifu bila kujizuia. Sisi tuliokulia kando ya Tanganyika tunaogelea kwa kuangalia jua. Likianza kuinama unatoka, maana kiboko naye anataka ufuko wake, na habari za mamba wa mto Ruzizi kila mtoto wa Bujumbura amelala nazo. Kivu haina mamba wala kiboko. Jioni ile niliingia majini saa kumi na mbili, saa ambayo kwetu mama angekuwa ameshaniita kwa fimbo, nikalala chali juu ya maji, na kilichonisumbua kilikuwa baridi peke yake. Maji ni mazito kwa ubuluu ukiyatazama kutoka juu, lakini ukisimama ndani unaona vidole vya miguu yako. Tulitoka giza limeshaingia, midomo inatetemeka, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kutoka.

Usitegemee mchanga wa kulalia, hata hivyo. Tulipofikia sisi ni changarawe na mawe, kwa hiyo njoo na kandambili za kuingilia majini. Na ufuko unakatika ghafla: unatembea maji yakiwa kiunoni, unaongeza hatua moja, chini hamna. Asiyejua kuogelea akae pale anapoona miguu yake. Usiku nao uko na baridi ya kweli. Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganyika haifiki hata 800, basi mtu wa Bujumbura aliyekuja na kaptula atalala amejikunja. Malazi yalikuwa kitanda, neti na ndoo ya maji. Safi, basi.

Kuna wanaoogopa Kivu kwa sababu ya gesi. Yule jamaa wa Goma alitufafanulia vizuri kuliko kitabu. Methani na kaboni dioksidi zimeyeyuka chini kabisa, kwenye maji ya kina kirefu, si huku juu tunakoogelea; Wanyarwanda wanaivuta ile methani na kuzalisha umeme upande wa Karongi. (Na sisi tuko katikati ya ziwa hilo hilo tunapanga foleni kuchaji simu kwenye paneli moja ya jua.) Alichosema tuogope ni mazuku, na hiyo ni habari ya kwao, upande wa Goma na Sake: kaboni dioksidi inatoka ardhini kwenye miamba ya volkano, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inatuama mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Haina rangi, na inaua mbuzi, inaua watu. Kwa hiyo mkichagua ufuko wa kule badala ya Idjwi, msilale kwenye bonde lolote kando ya maji kabla ya kuwauliza wenyeji.

Chakula cha jioni kiliahidiwa samaki, wale dagaa wa Kivu wanaoitwa sambaza. Tukaletewa bugali na maharage. Tukanung'unika, tukamwendea mama mpishi, naye hakubabaika: "Wanangu, sambaza wa jana mimi sipiki. Ngojeni wavuvi warudi." Usiku tukawaona hao wavuvi kwa mbali, boti tatu tatu zimeunganishwa kwa miti mirefu, taa zinawaka, wanapiga kasia kwa kuimba. Asubuhi karai likaja. Sambaza wamekaangwa wakavu, wanavunjika mdomoni na kichwa na mkia, ndimu imekamuliwa juu, pilipili pembeni, na nanasi la kisiwani la kumalizia. Mwenzangu Mrundi alipoonja tu akasema hawa ni lumbu, dagaa wa kwetu Tanganyika. Kweli ni wao: walitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakaja kumwagwa Kivu, wakastawi hadi leo wanalisha mikoa yote miwili ya Kivu, Kaskazini na Kusini. Kwa ile sahani nilimsamehe mwenye nyumba maharage yake yote. Nahodha bado sijamsamehe.

Februari 2025 Bukavu ilitekwa na waasi wa M23, na mengi ya usafiri na mipaka si yale niliyoyaacha. Bei zangu zichukueni kama mwongozo wa kupatania tu, na kabla ya kupanga lolote mpigieni simu mtu aliyeko huko leo.

Jambo la mwisho ni saa ya kurudi. Mchana upepo unaamka na ziwa linachafuka, na nahodha wetu aliyeahidi saa mbili asubuhi alikuwa bado anatafuta abiria wa kujaza boti saa saba. Tulirudi tumelowa hadi kwenye daftari. Mlipeni nusu wakati wa kwenda, na nusu ya pili mkishakanyaga bandari ya Bukavu.