LibreOffice Writer kwenye Ubuntu: nyota 4, ya tano imeliwa na fonti

Kwa barua, ripoti na CV za kila siku hapa Nairobi, Writer inanitosha. Nyota niliyoikata ni ya fonti. CV iliyoandikwa kwa Calibri kwenye Windows inafunguka kimya kimya, hakuna onyo, ila kurasa 2 zimekuwa 3 na tarehe zilizopangwa kulia zimeshuka mstari.

Bofya ndani ya maandishi, kisha tazama kisanduku cha jina la fonti. Jina likiwa kwa herufi za mlazo, fonti hiyo haimo kwenye mashine na unachosoma ni mbadala. Usikimbilie kubadilisha fonti ya hati nzima. Mwenye hati ataipokea ikiwa imevurugika. Kwenye teminali, dirisha la kuandikia amri, uliza ni fonti gani inakaa mahali pa Calibri:

fc-match Calibri

Ukijibiwa DejaVu Sans au Noto Sans, umepata mchawi: herufi zake ni pana kuliko za Calibri. Tiba:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea fonts-liberation

Carlito ina upana sawa na Calibri, herufi kwa herufi. Caladea vivyo hivyo kwa Cambria, na Liberation Serif kwa Times New Roman. Sura inatofautiana kidogo, lakini mistari inakatika palepale. Funga madirisha yote ya Writer ndipo uifungue upya.

Anayetaka Times New Roman na Arial zenyewe atumie ttf-mscorefonts-installer, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwenye skrini ya leseni bonyeza Tab hadi OK iwake, kisha Enter. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kifurushi hicho hakina fonti ndani. Huzivuta kutoka SourceForge wakati wa kusakinishwa. Bando likiisha katikati, apt, kisakinishi cha Ubuntu, inaweza kukuhesabia kimeingia ilhali /usr/share/fonts/truetype/msttcorefonts haina kitu. Kurudia amri ileile ni kutwanga maji kwenye kinu. Andika:

sudo apt install --reinstall ttf-mscorefonts-installer

Calibri haimo humo hata ikienda sawa, kwa hiyo Carlito bado unaihitaji.

Fonti ya mteja, ile ya nembo yake, iweke kwenye ~/.local/share/fonts halafu endesha fc-cache -fv ili mfumo uitambue. Ikigoma, ikague kwa amri ya file. Jibu likiwa "HTML document", ulipakua ukurasa wa tovuti ukiwa umevaa jina la .ttf. Ikiwa ni TrueType halisi, jaribu chmod 644. Fonti za .pfb, yaani za muundo wa zamani wa Type 1, usihangaike nazo: Writer iliacha kuzisoma tangu toleo la 5.3, omba faili la OTF (OpenType).

Kazi ya kuchapishwa sayba, iwe River Road au Moi Avenue, usiibebe ikiwa .docx kwenye flashi. Toa PDF, kisha endesha pdffonts cv.pdf, safu ya emb ikisema yes kila mstari, fonti zimo ndani. Kwa hati ambayo mwenzako ataihariri, nenda File, Properties, Font, uweke tiki kwenye Embed fonts. Faili litanenepa, na fonti ambayo leseni yake hairuhusu kubebwa itabaki nje.