TAHADHARI: Kuna jamaa anatuuzia mafundi uzi wa mapambo akidai ni faiba ya gari

Wakuu salama? Hii inawahusu zaidi mafundi umeme wa magari na nyie wenye Benz, BMW na Audi za miaka ya 2000. Kuna jamaa anauza mtandaoni "faiba orijino na koneta zake za kuungia", mimi kanipiga elfu 85 na aibu juu yake.

Iko hivi. Mzee mmoja kaniletea Benz W211, redio inawaka ila sauti hakuna, CD nayo kimya. Nimehangaika na fyuzi weee, mwisho nafunua kapeti nakuta panya kashamaliza kazi, ule waya wa rangi ya chungwa kautafuna hadi ukakatika. Kwa wasioujua, ule sio waya wa shaba, ni faiba ya plastiki, mwanga mwekundu unatoka redio unaenda ampu (ile ya kukuza sauti) unaenda CD halafu unarudi redio, ni duara moja, ikikatika sehemu moja tu ukoo mzima bubu. Na msiichanganye na faiba ya intaneti, ile ni ya kioo na kuiunga vizuri inataka mashine ya kuchomelea, hii ya plastiki kiini chake kina unene wa karibu milimita 1, ndio maana inaungika kwa koneta ya kawaida na kiwembe kikali.

Basi nikamtafuta huyu jamaa. Picha safi, namuuliza unene, "milimita moja boss usiwe na wasi". Nikatuma hela yote (kosa langu hilo, nakubali), jioni boda kaleta kifurushi kimezungushiwa solotepu kama zawadi ya send-off.

Kufungua, lile ganda la chungwa likavuka kwa ukucha kama soksi! Ndani hamna ganda jeusi la kuzuia mwanga, ni uzi mtupu kama mshipi wa kuvulia. Napima na venia, kile kifaa cha kupimia unene, nakuta milimita 0.75. Jamani huu ni ule uzi wa nyota za dari, wanaoweka sebuleni na kwenye magari ya kishua. Nikaweka tochi ya simu upande mmoja gizani, kila nilipoupinda mwanga unavujia ubavuni. Koneta nazo tundu lake ni la milimita 1, kwa hiyo uzi unacheza humo ndani kama jino bovu.

Nampigia ananiambia "tia supaglu kaka, itashika". Na mimi kwa vile mzee kashakaa kwenye benchi ananiangalia, nikatia. Sauti ikaja kweli, mzee kafurahi kaondoka, kufika kwenye matuta ikakata. Asubuhi nafungua, ncha zote mbili zimeota ukungu mweupe, moshi wa supaglu ndio unavyofanya hiyo plastiki. Halafu hata bila gundi isingefika mbali, mwanga wa kiini cha milimita 1 ukiusukumia kwenye uzi wa 0.75, zaidi ya theluthi moja unabaki mlangoni.

Kwa hiyo ukitaka kununua, muuzaji akutumie video venia ikiwa imeng'ata kiini chenyewe, sio ganda. Akikata kwa koleo mbele yako mwambie arudishe mzigo, koleo inaponda ncha inapasuka, hii inakatwa na kiwembe kipya mara moja, wima, ncha iwe duara inayong'aa bila ufa. Kusafisha ni spiriti kidogo, asetoni usiisogeze kabisa. Na wakati wa kuilaza usiikunje kona kali, mkunjo wake usipungue kama sentimita 2 na nusu.

Mzee nimemalizana naye kwa kununua laini nzima ya mtumba Ilala, imetolewa kwenye Benz iliyokatwa, na koneta zake mwisho, elfu 40, na ufundi sikumchaji. Gari inaimba taarab hadi leo.

Jamaa nilipodai hela yangu kasema "mzigo ukishafunguliwa haurudi", kisha akanibloku. Juzi kupitia simu ya dogo wa gereji nimeona kabadilisha jina na picha, namba ile ile, sasa anatangaza "seti kamili ya kuungia faiba ya BMW", na kwenye picha ni lile lile soksi la chungwa.