Gemu za Kijapani za PlayStation 2: uliza kwanza zinahifadhi wapi

Umeme ulikatika hapa Busia nikiwa nimebakiza mapigo machache tu nimwangushe bosi, yaani adui mkubwa wa mchezo, na uliporudi baada ya saa tatu, kadi ya kumbukumbu niliyoinunua Kampala ilionyesha kwamba haina kitu chochote ndani yake. Siku kumi na moja za kucheza zilipotea usiku ule. Muuzaji aliyeniuzia kadi hiyo kwa shilingi 45,000 za Uganda aliniambia, "Dada, hii ni ya MB 64, hutaijaza maisha yako yote," nami nikauamini ukubwa huo, ilhali kadi rasmi ya Sony kwa PlayStation 2, konsoli yake ya kuchezea gemu, ni ya MB 8 na inatosha kabisa kwa michezo ninayoieleza hapa.

Tangu hapo sichagui gemu kwa uzuri wa picha wala urefu wa hadithi. Nauliza jambo moja ambalo halikuandikwa kwenye jalada lolote: umeme ukikatika sasa hivi, nitarudishwa nyuma kiasi gani? Michezo hii ilitungwa kwa ajili ya nyumba ambazo umeme haukatiki mara kwa mara, kwa hiyo hata mchezo bora sana unaweza kuwa mzigo kwa mchezaji wa Busia, Tororo au Arua ikiwa mahali pa kuhifadhi pako mbali.

Niseme wazi pia kwamba naipendelea Capcom. Kampuni hiyo ya Osaka ndiyo iliyonifundisha kuupenda upanga wa kwenye skrini, na katika orodha hii imechukua nafasi tatu za kwanza.

Ya kwanza ni Devil May Cry 3, na ninamaanisha toleo la Special Edition la mwaka 2006. Mchezo umegawanywa katika misheni 20, na kila unapomaliza misheni unaulizwa kama unataka kuhifadhi, kwa hiyo hasara yako kubwa ni ile misheni moja uliyokuwa ndani yake. Toleo la awali la mwaka 2005 liliuzwa Marekani likiwa na ugumu uliopandishwa, kwani kiwango kilichoitwa cha kawaida kilikuwa kile kigumu cha Japani, na wengi walikata tamaa mapema. Special Edition ilirekebisha hilo, ikamwongeza Vergil, ndugu wa Dante ambaye ndiye mhusika mkuu, kama mhusika unayeweza kumchezesha, na ikakupa uchaguzi mwanzoni kati ya mpangilio wa njano na wa dhahabu. Chagua wa dhahabu, kwa sababu ukifa unaweza kufufuka na kuendelea na pambano lilelile, lakini fahamu kwamba hiyo ni dawa ya kifo tu, na umeme ukikatika bado utarudi ulipohifadhi. Devil May Cry ya mwanzo, ya mwaka 2001, ambayo Hideki Kamiya aliianza kama mpango wa mchezo wa kutisha wa Resident Evil 4, ina mtindo uleule wa misheni, nayo inafaa kwa asiyeipata ya tatu.

Ya pili ni Onimusha: Warlords ya mwaka 2001. Hapa unahifadhi kwenye kioo cha uchawi, na uzuri wake ni kwamba kioo hichohicho ndicho unachotumia kuziimarisha silaha kwa roho nyekundu ambazo Samanosuke, samurai unayemchezesha, huzifyonza kutoka kwa maadui kwa mkono wake. Kwa hiyo hulazimiki kujikumbusha kuhifadhi, kwani haja ya kuunoa upanga inakupeleka pale pale. Kamera haisogei nawe na mhusika anageuka kwa uzito, mambo ambayo kijana aliyezoea michezo ya leo atayalalamikia kwa saa ya kwanza, lakini mchezo wenyewe ni mfupi na mtu aliyeuzoea huumaliza kwa saa chache.

Ya tatu ni Okami ya mwaka 2006, iliyotengenezwa na Clover Studio chini ya Capcom, ambamo mungu wa jua Amaterasu anatembea kwa umbo la mbwamwitu na unapigana kwa kuchora kwa brashi. Vioo vya kuhifadhia vipo njiani, ila masimulizi ya mwanzo ni marefu, basi usiuanze jioni ambayo taa zimeshaanza kupepesa.

Shadow of the Colossus ya Sony, ya mwaka 2005, naiweka ya nne. Ina majitu 16, na baada ya kila moja unapewa nafasi ya kuhifadhi, mbali na mahekalu madogo yaliyotawanyika nyikani. Hata hivyo ndani ya pambano huwezi kuhifadhi kabisa, na jitu moja linaweza kumshughulisha mgeni kwa muda mrefu sana.

Ya mwisho ni Shinobi ya Sega, ya mwaka 2002. Upanga wake, Akujiki, hula uhai wa mwenyewe asipoua, na ukifa unaianza hatua upya. Naipenda, lakini ni ya mwenye sola na inveta.

Kuhusu diski za kunakiliwa za bei rahisi, zinahitaji konsoli iliyofunguliwa na fundi, yaani iliyoondolewa kizuizi chake cha diski, nami sizipendekezi.

Kabla ya kulipa, soma herufi zilizochapishwa kwenye diski. SLES na SCES ni za Ulaya, SLUS na SCUS ni za Marekani, SLPM na SLPS ni za Japani, na konsoli isiyofunguliwa husoma za eneo lake tu, hata muuzaji akiapa kwamba diski zote ni sawa. Kadi nayo ijaribiwe palepale dukani: hifadhi mchezo, zima konsoli, washa, kisha uone kama kazi yako ipo. Anayekataa jaribio hilo usinunue kwake.

Linaloniumiza zaidi ni bei. Nimeiona Onimusha ileile ikiuzwa kwa shilingi 30,000 katika duka moja na shilingi 80,000 katika duka la jirani, tofauti ikiwa ni karatasi ya plastiki iliyozungushiwa jalada ili diski iitwe mpya. Utengenezaji wa PlayStation 2 ulikwisha mwaka 2013, kwa hiyo neno "mpya" ni la kutiliwa shaka. Niliifungua ile ya shilingi 80,000 mbele ya muuzaji baada ya kulipa, na diski ilikuwa na mikwaruzo mingi kuliko ile ya shilingi 30,000.