Uzoefu wangu na sukari mbadala kwenye keki ya sikukuu: kwenye chai sawa, kwenye karameli hapana

Mbele ya pakiti imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba unaweza kuitumia kwa kipimo kilekile cha sukari. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niinunue kwa ajili ya keki ya sikukuu, na ndiyo ninayotaka kuyazungumzia hapa, maana yanampotosha mwokaji.

Iliyomo ndani ni eritritoli, kitamu cha chenga kinachofanana na sukari, iliyotiwa kidogo stevia, kitamu kikali kinachotokana na majani. Eritritoli peke yake ina utamu wa kama asilimia 60 hadi 70 ya sukari ya kawaida, na stevia ndiyo inayoziba pengo. Kwa hiyo kwa utamu peke yake hesabu inakubali. Baba yangu ana kisukari, amekuwa akiiweka kwenye chai muda mrefu, na kwa kweli inamfaa: haina ule uchungu unaobaki kooni ukitumia stevia tupu. Kama unaitaka kwa chai au uji, nunua bila wasiwasi.

Keki ni habari nyingine, kwa sababu humo sukari hufanya kazi nyingi kuliko kutia utamu.

Keki yenyewe ni ya siagi, tabaka mbili, inamiminiwa juu karameli, yaani mchuzi wa sukari iliyopikwa hadi ikawa kahawia. Nilifuata kipimo cha pakiti bila kupunguza wala kuongeza. Dalili ya kwanza ilionekana mapema, kwenye kupiga siagi. Sukari ya kawaida, mayai yakishaingia, chenga zake huanza kuyeyuka na rojo likalainika. Chenga za eritritoli zilibaki zikikwaruza bakuli chini ya mwiko. Eritritoli ni ngumu kuyeyuka: katika joto la kawaida la chumba, gramu 100 za maji huyeyusha karibu gramu 200 za sukari, lakini eritritoli haifiki hata nusu ya hapo.

Kwenye oveni, nyuzi 180, muda wa keki ukafika na juu bado ni nyeupe. Karibu kila pishi la keki hukwambia usubiri rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutoka kwa sehemu kubwa kwenye sukari, na eritritoli haigeuki kahawia kwa moto wa oveni, hata ukiiacha. Sasa fikiria mtu anasubiri rangi ambayo haiji, na huku keki inaendelea kupoteza maji. Sukari pia ndiyo hushika unyevu ndani ya keki, na hapa haikuwepo. Keki ilitoka imepauka, imekaza, na pembeni inamomonyoka ukiigusa tu kwa kisu. Kesho yake ilikuwa kavu kabisa, wakati keki ya kawaida ya pishi hilohilo hukaa siku kadhaa ikiwa bado laini.

Karameli ndiyo iliyoniuma zaidi, maana ndiyo watu huisubiri. Eritritoli inayeyuka kwenye sufuria kwa nyuzi 121 hivi, mapema kuliko sukari, kwa hiyo mwanzoni unaona mambo yanakwenda vizuri. Inakuwa maji meupe, safi. Halafu inabaki hivyohivyo. Hakuna rangi, hakuna ile harufu ya karameli inayojaza jiko. Nilipotia siagi na krimu nilipata mchuzi mwepesi, mtamu, wa rangi ya maziwa. Ulivyopoa juu ya keki ukaanza kuganda kuanzia ukingoni: kwanza ukungu, kisha punjepunje, mwisho tabaka jeupe gumu linalovunjika likibonyezwa kwa uma. Ukilila unasikia ubaridi mdomoni mithili ya peremende ya mnanaa, kwa kuwa chembe hizo hunyonya joto zinapoyeyuka kwenye ulimi. Kwenye kitu cha mnanaa au kakao chungu ubaridi huo unaweza kupita. Kwenye karameli, hapana.

Baba alikula kipande chake kizima na kushukuru. Mimi nilisikitika, kwa sababu nilitaka safari hii naye apate keki nzuri kama ya wengine, siyo ya kuvumilia.

Tangu hapo nimeendelea kuitumia jikoni, na kuna inapofaa. Kwenye kastadi ni nzuri, mradi uiyeyushe kwenye maziwa ya moto kwanza na usiijaze. Kwenye krimu ya kupiga, isage iwe unga laini, la sivyo itakwaruza. Kwenye keki, kwa asiyelazimika kuacha sukari kabisa, badilisha sehemu tu ya sukari: rangi inakuja na unyevu unabaki. Uivaji upime kwa kijiti katikati ya keki, usiangalie rangi. Kwenye mikate ya hamira sikushauri, kwa kuwa hamira haiwezi kuila ikaumuka kama inavyokula sukari.

Na kwa wanaompikia mwenye kisukari: pakiti kuandikwa haina sukari hakuifanyi keki yote kuwa salama. Unga wa ngano ni wanga, nao unapandisha sukari ya damu. Kipande kinabaki kuwa kipande, kihesabiwe. Ukila eritritoli nyingi pia tumbo linaweza kuvurugika. Onyo hilo lipo nyuma ya pakiti, kwa herufi ndogo mno.

Kwa vinywaji naipa nyota 5, kwa kuoka 2. Watengenezaji wakiongeza mstari mmoja tu, kwamba kipimo hicho ni cha utamu na kwamba haifai kwa karameli, nitarudi kupandisha hizo mbili.