Yoga ya wajawazito: nililazwa chali nikiwa na mimba ya miezi saba, kisha nikakemewa

Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba halazwi chali akaachwa hivyo, na akisema anaona kizunguzungu hakemewi mbele ya wenzake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya niandike, na kwa sababu kituo ninachokizungumzia, kilichoko upande wa Mikocheni jijini Dar es Salaam, bado kinatangaza darasa lake kwa jina la tiba ya yoga kwa mama kijacho, na wanawake wenzangu bado wanalipa ada.

Nilikwenda pale kwa sababu ya kiuno. Mimba ilipovuka nusu, maumivu yalianza chini ya mgongo yakashukia kwenye nyonga, na usiku sikuweza kugeuka kitandani bila kumwamsha mume wangu anisaidie. Nesi wa kliniki ninayohudhuria, mama mtu mzima ambaye namwamkia shikamoo na kumwamini kuliko watu wengi, alinieleza kwamba mwili wa mjamzito hutoa homoni zinazolegeza viungo vya nyonga ili mtoto apate njia, na kwamba mzigo ule huiangukia misuli ya mgongo na kiuno, ambayo isipoimarishwa huchoka na kuuma. Dawa za maumivu hakutaka kunipa ovyo, akanishauri nifanye mazoezi mepesi. Ushauri wake una msingi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito unapendekeza mazoezi ya mara kwa mara katika kipindi chote cha mimba ili kuzuia maumivu ya kiuno na nyonga, na ule wa mwaka 2020 kuhusu mazoezi ya mwili unamtaka mjamzito asiye na tatizo la kiafya afikishe angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Mwanzo wangu pale ulikuwa mzuri, na lazima niseme hivyo ingawa hasira bado zimenikaa. Mwalimu mwenye darasa alikuwa safarini, na aliyeshika nafasi yake alikuwa mkunga mstaafu aliyejifunza yoga akiwa mtu mzima. Kabla hajatandika mkeka wa mtu yeyote, alitaka kuona kadi zetu za kliniki. Alizisoma moja moja, akaangalia shinikizo la damu na wingi wa damu, akamuuliza kila mmoja kwa sauti ya chini kama amewahi kutokwa na damu katika mimba hii, kama amewahi kujifungua kabla ya wakati, kama mlango wa kizazi umeshonwa. Mmoja wetu aliambiwa na daktari kwamba kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa kizazi. Mkunga alimshika mkono, akatoka naye pembeni na kumweleza kwamba asifanye zoezi lolote mpaka daktari wake aseme, kisha akahakikisha kwamba fedha zake zinarudishwa. Zilirudishwa siku ileile, kumbe inawezekana.

Mazoezi aliyotupa yalikuwa ya utulivu. Tulipiga magoti na kuweka viganja sakafuni, tukawa tunaukunja na kuunyoosha mgongo polepole kwa kufuata pumzi. Tulikaa nyayo zikiwa zimegusana na magoti yamefunguka, na alipoona mtu ameinama kwa taabu alimsukumia mto chini ya paja. Alitufundisha kukaza na kuachia misuli ileile ambayo mtu huitumia kuzuia mkojo, kwa kuwa ndiyo inayobeba kizazi na kibofu, na alisisitiza tuvute pumzi kwa pua na kuitoa taratibu kwa muda mrefu kuliko tulivyoivuta, bila kuibana hata kidogo. Wakati wa kupumzika alitulaza ubavu wa kushoto, khanga iliyokunjwa ikiwa katikati ya magoti na mto mdogo chini ya tumbo. Usiku ule nililala. Kiuno hakikupona, lakini kilinipa nafasi, na wasiwasi wa kujifungua uliokuwa unanikaba kifuani ulilegea.

Kisha mwenye darasa akarudi.

Alikuwa kijana nadhifu, mwenye maneno matamu kuhusu nguvu za ndani ya mwili. Kadi za kliniki hakuzitaja. Alifunga madirisha na kuzima feni, akisema joto hulainisha viungo, na sote tunajua joto la Dar es Salaam linavyokuwa kabla mvua hazijaanza. Mwongozo uleule wa mwaka 2020 unawataka wajawazito waepuke mazoezi kwenye joto kali na wanywe maji ya kutosha, ila chupa zetu alituambia tuziache mlangoni. Halafu akatuamuru tubane pumzi kwa hesabu yake, jambo ambalo mkunga alikuwa ametukataza waziwazi. Haya yote niliyavumilia kwa adabu ya mwanafunzi. Mwishoni akapunguza taa, akaweka muziki, akasema tulale chali, viganja vikitazama juu, macho yakiwa yamefumbwa, na mtu asitikisike mpaka atakapopiga kengele.

Sijui tulilala hivyo kwa muda gani. Ninachojua ni kwamba kwanza masikio yaliziba, muziki ukawa kama unatoka chumba cha pili, kisha kijasho chembamba kikanitoka juu ya mdomo na kwenye shingo, moyo ukaanza kwenda mbio, na nilipofumbua macho dari lilikuwa linaingia kiza kutoka pembeni kuja katikati. Nikageuka ubavu wa kushoto. Akaja. Nilianza kuziona nyayo zake kwenye ukingo wa mkeka wangu, halafu nikaisikia sauti yake, ambayo hakuipunguza hata kidogo: “Mama, rudi kwenye mkao. Ujauzito si ugonjwa.” Nikamwambia, “Mwalimu, naona kizunguzungu.” Akajibu, “Hicho ni woga tu, pumua, usiwavurugie wenzako utulivu.”

Ujauzito si ugonjwa. Maneno hayo tunaambiwa kwenye daladala tukiomba kiti na tunaambiwa kazini tukiomba ruhusa ya kwenda kliniki, nami sikutarajia kuyasikia kutoka kwa mtu niliyemlipa ili anitunze. Na jambo lenyewe si la siri wala si la kitaalamu mno. Mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni na kwenye nyonga hupita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Mama akilala chali mimba ikiwa kubwa, kizazi huukandamiza, damu inayorudi moyoni hupungua, shinikizo hushuka, naye huona kizunguzungu, jasho na kichefuchefu, huku damu inayomfikia mtoto ikipungua vilevile. Akigeuka ubavu, mshipa hufunguka na hali hutulia, ndiyo maana mwili wangu ulinigeuza kabla sijafikiri. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya kulala chali yaepukwe baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mtu anayejiita mwalimu wa wajawazito hawezi kudai kwamba hajalisikia hilo, na kama kweli hajalisikia, basi hilo ni kosa kubwa zaidi.

Sikurudi kwenye mkao. Nilikaa, nikaomba maji, nikatoka nikiwa nimeshika ukuta. Mapokezini nilimweleza meneja yote, naye akanijibu kwamba mwalimu wao amesomea India na ana cheti. Siidharau India, ambako elimu hii imetoka, lakini cheti cha kufundisha yoga kwa watu wote hakimfanyi mtu ajue mimba. Nilipoomba nirudishiwe ada ya vipindi vilivyobaki, aliniambia kwamba malipo yakishapokelewa kwa simu hayarudishwi. Nikamkumbusha yule mama wa kondo la nyuma. Akasema hilo lilikuwa suala tofauti, akainamia simu yake.

Nilikwenda moja kwa moja kliniki. Nesi alinipima shinikizo, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akasema yako sawa. Nimekwisha jifungua, sote tu wazima, na nashukuru.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu, na nilikuwa na sababu. Yoga ilinifaa. Pumzi nilizofundishwa na yule mkunga ndizo nilizozitumia uchungu uliposhika, na zoezi la kupiga magoti naendelea nalo nyumbani hadi leo kwa kuwa mgongo unaendelea kudai. Mdogo wangu ana mimba changa, na kama ningejua kwamba mama yule ndiye atakayemfundisha, ningemlipia mwenyewe ada nzima bila kusitasita. Hata chumba chenyewe ni kisafi, na mikeka ni mizito, haitelezi.

Lakini kadiri ninavyoandika namkumbuka binti aliyekuwa kwenye mkeka wa jirani yangu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza na tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Nilipokaa kuomba maji nilimwona amelala chali, midomo imempauka, jasho linamtiririka kuelekea sikioni, macho ameyafumba kwa nguvu. Alikuwa amesikia kila neno nililoambiwa, naye hakuthubutu kugeuka. Nilimgusa bega, nikamwambia, “Mdogo wangu, lala ubavu,” na alipogeuka alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetoka majini. Mwalimu alitutazama, akatikisa kichwa, akaendelea na mambo yake. Mimi ni mtu mzima na niliweza kutoka. Binti yule angebaki hivyo mpaka kengele ipigwe, kwa sababu alikuwa amefundishwa mbele ya macho yake kwamba anayesema anaumwa huaibishwa.

Kwa hiyo nafuta zile nyota tatu. Nawapa moja, na ningeweza nisingetoa hata hiyo. Ada yangu wakae nayo kama wanaihitaji kiasi hicho. Ninachowataka ni kumwondoa kijana yule kwenye darasa la wajawazito mpaka asomeshwe, na kumrudisha mkunga wakiweza kumpata. Meneja namba yangu anayo, na mpaka leo hajanipigia.